Kupe Nyeupe ya Baba Mkwe

4 Machi

Mkwe wangu fundi,

Hujambo? Sisi huku tu wazima, ila uzima wa wazee, yaani asubuhi unahesabu viungo kwanza ndipo unashuka kitandani. Mama yako mkwe anakusalimu. Mwanao Chiriku naye angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia. Nimemwambia hii ni barua ya mambo ya mashine.

Na ni kweli. Miaka mitatu hujakanyaga hapa, tangu tulipomzika binti yangu. Ulituachia mtoto wa miaka sita ukasema ni kwa muda, sasa ana tisa. Lakini leo sikuandikii kukulaumu. Nataka gari, na fundi ninayemwamini ni mmoja.

Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, mchora ramani mdogo ofisini, mhandisi wetu mkuu alikuwa na gari la Kiitaliano, Alfa ya milango miwili. Kila saa kumi na nusu alipoiwasha, sisi wachoraji tuliweka kalamu chini. Hakuna aliyetuamuru, mkono wenyewe ulisimama. Nikasema ipo siku. Siku hiyo imechukua miaka arobaini na sita kufika.

Gazetini nimeona zipo tatu zinauzwa mjini kwako: nyekundu ya injini ya 1300, kijani ya 2000 na nyeupe ya 1750. Gari za milango miwili namna hii wenyewe wanaziita kupe. Nilipomwambia mama yako nataka kununua kupe, akanijibu, "Ng'ombe tuliwauza zamani, kupe atamnyonya nani?" Mwache.

Fedha ipo, usiumize kichwa. Nenda kazione, uchague ile ambayo wewe mwenyewe ungeinunua. Kisha uiguse kidogo. Sitaki ya mashindano, nataka iwe na pumzi tu. Halafu uilete. Wewe, kwa mikono yako.

Niandikie kwa herufi kubwa. Miwani yangu imevunjika.

Baba mkwe wako

*

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, mikono ina grisi, ndiyo maana bahasha yake, ninayoitunza, ina alama za vidole. Nafurahi mnaendelea vizuri.

Magari nimeyaona yote matatu.

Nyekundu ni nzuri kwa macho na mbaya kwa sumaku. Nilipitisha sumaku chini ya milango, ikawa inadondoka tu. Chini ya rangi ile hakuna chuma, kuna pati iliyopakwa juu ya kutu. Mwenyewe akaniuliza, "Fundi, unanunua gari au unatafuta sindano?" Nikamwambia natafuta gari, ila silioni.

Ya kijani ina nguvu kuliko zote. Lakini mwenye nayo ameishusha mpaka inalamba barabara, ameifunga bomba la moshi la kuamsha wafu, na gia ya pili inalia kama mtu mwenye jino bovu. Gari lililochezewa na asiyejua ni kama mtoto aliyelelewa na walevi: utamrekebisha, lakini hutajua siku gani yatarudi.

Nyeupe haina makeke. Viti vimechanika, mshale wa mwendo umekufa, rangi imechujuka. Lakini mlango unafunga kwa kidole kimoja, na sakafu nimeigonga yote kwa mpini wa bisibisi, inajibu kwa sauti ya chuma. Nilimwomba mwenyewe, mjane wa daktari, asiiwashe kabla sijafika, ili niisikie ikiwa baridi. Ilikohoa, ikatoa moshi kidogo, ikatulia. Ina kabureta mbili, na zikipatana injini ile inaimba. Za hii hazipatani, ila ni wagomvi wa kupatanishwa.

Ya 2000 ina kifua kipana, 1750 ina pumzi ndefu. Ningekuwa nanunua mimi, ningechukua nyeupe.

Kuhusu kuileta, baba, kazi hapa gereji zimenibana. Yupo dereva mmoja mwaminifu, nitamkabidhi aje nayo hadi mlangoni.

Msalimie mama. Mbusu Chiriku.

Mkweo

*

27 Machi

Mkwe wangu,

Chukua nyeupe. Nilikuwa nimeshaichagua moyoni, nilitaka tu kusikia kama tunasikia sauti moja. Nyeupe inanifaa.

Huyo dereva mwaminifu mpe salamu zangu, simtaki. Gari utaleta wewe au lisije.

Chiriku sasa anajua tunaandikiana. Akiona bahasha yako anaruka. Jina hilo ulimpa wewe, na hukukosea: anasema tangu anapoamka mpaka mto unapomfunga mdomo. Anauliza kwa nini chuma kinashika kutu na dhahabu haishiki. Anauliza kwa nini wewe huji. La kwanza nilimjibu.

Usimrekebishie babu huyu gari la kukimbia sana. Unajua ninavyochukia mbio. Marehemu alikuwa na mguu mzito tangu msichana, nilimwonya mbele yako na nyuma yako, akawa anacheka. Polisi walipoandika "mwendo kasi" sikushangaa. Nilikasirika. Mpaka leo nikilikumbuka kaburi lake huwa nakasirika kwanza ndipo nalia, na hilo nimemwambia Mungu, sijaliambia mtu.

Unaponiandikia tumia herufi za kuchapa, zilizoachana, kama za kitabu cha shule. Mwandiko wako wa kuunganisha unanisumbua.

Baba mkwe wako

*

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Herufi ndizo hizi, natumaini zinasomeka.

Gari liko hapa kwangu siku ya kumi na nane. Nimeshusha kabureta zote mbili, nimezisafisha, nimebadilisha vitundu vya kupitishia petroli, nikakaa nazo asubuhi nzima kwa bomba la mpira sikioni mpaka zikavuta hewa sawasawa. Plagi mpya, waya mpya. Taimingi, ule wakati wa cheche kuwaka, nimeisogeza mbele kidogo tu. Bomba la moshi nimelipa njia pana zaidi, sauti imekuwa nzito lakini haina utovu wa adabu. Springi nimefupisha kiasi cha upana wa kidole, shokapu mpya, sasa ikikata kona haiegemei kama mlevi. Ndani ya injini sikugusa. Anayefungua injini nzima kutafuta ubovu ataupata kwa kuutengeneza mwenyewe.

Breki nimezifungua. Pedi mpya, mafuta mapya, mipira ya kupeleka mafuta kwenye breki yote mipya, si mmoja wala miwili. Nikatoa upepo. Nikaenda barabarani, nikarudi, nikafungua tena. Juzi nimefungua mara ya tatu. Hazina ubovu. Nataka tu kuwa na hakika.

Nitachelewa kidogo, nivumilie.

Nimeona mistari yako inapanda na kushuka, baba. Je, miwani haijapatikana?

Mkweo

*

2 Mei

Mkwe wangu,

Breki mara tatu! Unafunga breki za gari au za treni?

Sikiliza, mimi ni mtu mzima, tuseme waziwazi. Najua gari liko tayari, na najua asiye tayari ni wewe. Kama umeoa, sema. Mke akifa mume hazikwi naye. Sitakulaumu, na mama yako nitamtuliza. Njoo naye huyo mwenzio, anywe maji hapa, amwone mtoto. Lakini kujificha nyuma ya spana si tabia ya mwanamume niliyempa binti yangu.

Miwani achana nayo.

Nikupe habari ya kukufurahisha. Mwalimu aliwapa insha, "Mtu ninayempenda." Ya Chiriku ikawa ya kwanza, ikasomwa mbele ya shule nzima. Ameniachia nakala, naijua kwa moyo: "Mama yangu alikuwa mzuri lakini alikuwa na haraka. Alikimbiza gari mteremkoni akafa. Haraka haraka haina baraka. Kama angenipenda sana angeenda polepole. Mimi nikiwa mkubwa sitaendesha gari." Shule nzima wakapiga makofi. Nilimpa hongera. Ukweli ni mchungu, lakini afadhali mtoto akue nao.

Gari lije mwezi huu.

Baba mkwe wako

*

11 Mei

Baba,

Barua hii isome peke yako. Mama asiione, na Chiriku asijue kama imekuja.

Sijaoa. Natamani ingekuwa hivyo.

Mwanao hakukimbiza gari. Breki zilikatika, na aliyezifunga ni mimi.

Ilikuwa hivi. Alhamisi niliona mpira wa breki wa mbele, upande wa kushoto, umepata ufa. Dukani ulikuwa umekwisha, mwingine ungefika Jumatatu. Nyuma ya gereji palikuwa na gari bovu, nikachomoa wa kwake nikaufunga kwenye letu. Niliuona ni mkavu, umezeeka. Nikajiambia ni wa siku tatu, na gari halitoki. Mkewe fundi ndiye wa mwisho kutengenezewa, unajua walivyosema watu.

Jumamosi asubuhi akasema anakuja kwenu. Mimi nilikuwa chini ya gari la mteja. Aliinama, nikaona viatu vyake kwanza, kisha uso. Akaniuliza, "Baba Chiriku, lile limekaa sawa? Niende nalo?" Nilijua la kumjibu. Lilikuwa jambo la kutoka pale chini na kumwambia panda basi. Mteja alikuwa amesimama juu ya kichwa changu anaangalia saa yake. Nikasema, "Limekaa sawa, nenda."

Halikukaa sawa, baba. Nimeisema sentensi hiyo kila siku tangu siku ile.

Jumatatu polisi waliniruhusu kuchukua vitu vyake kwenye gari. Waliniacha peke yangu. Nililala chini nikauona ule mpira, umepasuka, mdomo wazi. Nikaukata kwa kisu nikautia mfukoni. Mkaguzi wa magari alipokuja kesho yake hakuukuta, akaandika kwamba breki za mguu haziwezi kukaguliwa. Dereva wa lori aliyekuwa barabarani siku ile akasema alipitwa kama mshale. Ndipo wakaandika mwendo kasi, na mimi nimesimama pale pale, nikanyamaza. Msibani ulisema mbele ya watu, "Nilimwambia mara ngapi?" Nilikuwa nyuma yako hatua mbili. Nikanyamaza.

Nilimuua kwa uvivu wa siku moja, kisha nikamsingizia kwa miaka mitatu. Kuja kwenu nilishindwa kwa sababu Chiriku ana macho ya mama yake, na yataniuliza swali lile lile.

Mpira ninao. Uko kwenye kopo la misumari.

Sikuombi kitu. Ila ile insha, baba, sikuweza kuinyamazia.

Mkweo, kama bado niitwe hivyo

*

9 Juni

Baba Chiriku,

Anayeandika ni mama mkwe wako. Barua yako ilifika na ilisomwa, ila aliyeisoma si uliyemwandikia.

Mzee haoni. Ni presha ya macho. Januari daktari alimwambia kwamba mwaka hautaisha kabla ya giza, na giza limekimbia kuliko daktari. Hakuna miwani iliyovunjika. Kuandika bado anaweza, mkono wake unajua njia, lakini kusoma hawezi tangu Machi. Alichagua gari jeupe kwa sababu weupe ndio uliobaki kumwonekania. Alinikataza kukuambia. Alisema, "Akijua ni kipofu atakuja kwa huruma. Nataka aje kwa hamu."

Mimi ningeweza kumsomea barua zako. Alitaka mtoto ndiye asome, azoee maneno ya baba yake. Ndiyo maana ya herufi za kuchapa.

Siku ile Chiriku alitoka shule, wakakaa kwenye ngazi za nyuma kama kawaida yao. Mimi nilikuwa nafua hatua chache kutoka pale. Akafungua, akaanza: "Barua hii isome peke yako. Mama asiione, na Chiriku asijue kama imekuja." Akasimama. Akasema, "Babu, hapa panasema mimi nisijue." Mzee akacheka. Akamwambia, "Baba yako anakuja, anataka kutushtukiza. Soma tu, tutajifanya hatujui."

Akasoma. Alisoma kama wanavyofundishwa, anapumzika kwenye nukta. Nilisikia sauti inabadilika, nikadhani amechoka. Nilipofika karibu alikuwa amefika kwenye mstari wa viatu vya mama yake. Nilitaka kumnyang'anya, mzee akanishika kwa mkono, ameujua mguu wangu kwa kishindo. "Mwache amalize." Akamaliza. Hakuruka neno.

Mzee akamwambia, "Rudia pale mwanzo." Akarudia: mwanao hakukimbiza gari. "Tena." Akarudia. Mara ya tatu mtoto akamtazama, akamwuliza, "Babu, sasa kwa nini uliniambia mama alikimbiza?" Mzee akanyoosha mkono, akampapasa uso.

Tangu hapo hasemi sana. Chiriku, wa kumnyamazisha kwa mto, naye hasemi. Kila jioni anamshika mkono babu yake wanakwenda kaburini. Mzee amemwomba marehemu msamaha kwa sauti mpaka wapita njia wakageuka.

Mimi nilimzaa yule uliyemwambia limekaa sawa. Sitakuambia nimekusamehe, maana nitakuwa nadanganya, na uongo katika nyumba hii umetosha. Nakuandikia kwa jambo moja. Juzi Chiriku alimwendea mwalimu, akaomba daftari lake la insha, akaifuta ile ya mama yake mstari kwa mstari mpaka karatasi ikatoboka. Alipoulizwa akasema, "Nilidanganya." Hakudanganya, alidanganywa. Yeye amefuta yake. Karatasi ya polisi bado inasema binti yangu alijiua kwa mbio. Nenda ukaifute na wewe yako.

Mama yake marehemu

*

17 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma. Sina la kusema kuhusu Chiriku. Nikianza kulisema nitakuwa najiombea mimi.

Nimekwenda. Nilichukua lile kopo, nikaenda kituoni, nikauweka mpira mezani mbele ya askari wa zamu. Akaniuliza, "Umeleta nini, bomba la maji?" Nikamweleza. Aliita mkubwa wake, nikaeleza tena, wakaniandikisha. Mkubwa akaniuliza kwa nini leo, baada ya miaka mitatu, wakati hakuna aliyekuwa ananitafuta. Nilimwambia yupo aliyekuwa ananitafuta.

Jalada limefunguliwa upya. Nimeachiwa kwa dhamana mpaka kesi itakapoitwa. Wakili wa bure niliyepewa anasema nisikiri yote. Nimekwisha kukiri yote.

Gereji nimeifunga. Gari la baba limekamilika, liko chini ya turubai. Mkiniambia niliuze nitaliuza niwaletee fedha yote. Mkiniambia nilichome nitalichoma. Naomba mseme ninyi.

Mtoto wenu niliyewakosea

*

30 Juni

Fundi,

Naandika mwenyewe. Mistari ikipandana, utajua.

Lete gari. Lete wewe. Hutaingia ndani, mama yake marehemu hawezi kukupokea, na mimi sitamlazimisha. Utasimama nje, nitatoka, nitakaa kiti cha pembeni. Utanipeleka kwenye ule mteremko. Nataka kushuka aliposhuka mwanangu, kona kwa kona, na wewe ndiye uniambie tumefika wapi.

Nilikuita kwa hila, na hila yangu imemwangukia mtoto. Nilitaka giza likinifunika Chiriku awe na mtu wake anayeona. Nikanunua gari kama mtu anayetega ndege. Hilo ni langu, si lako.

Na jingine langu ni hili: nilimhukumu mwanangu mbele ya jeneza lake. Wewe ulinyamaza, lakini mimi ndiye niliyesema. Sikuuliza hata swali moja. Kazi yangu yote maishani ilikuwa kupima mara mbili kabla ya kuchora mstari, na kwa damu yangu sikupima hata mara moja.

Usije na zawadi.

Baba yake marehemu

*

14 Novemba

Kwa Baba,

Bibi amesema nikuandikie kama nataka. Nilikuwa sitaki. Leo nataka kidogo.

Mwalimu amenipa anwani ya gereza, akaniandikia kwenye bahasha. Darasani wanajua uko huko. Mmoja aliniambia baba yako ni mfungwa, nikampiga, kisha nikamwambia ni kweli. Bibi alisema miezi kumi na minane si mingi. Babu alisema si michache.

Siku ulipoleta gari nilikuwa dirishani. Hukuniona, ulikuwa unaangalia chini. Umekonda. Nilitaka kutoka lakini nilibaki nimeshika pazia. Babu alilipapasa gari lote kuanzia taa za mbele mpaka nyuma, kama anavyonipapasa mimi uso. Akasema, "Ndiyo yenyewe." Ulipoliwasha niliona vidole vyake vinaachia fimbo, fimbo ikaanguka.

Mliporudi alikwenda moja kwa moja kulala. Kesho yake alinieleza. Alisema ulishuka polepole sana, na kila kona alikuambia simama, na kila mara gari lilisimama. Alisema kwenye ile kona yenyewe alikusikia unalia, akaona haifai kukutuliza, naye akalia kwake. Alisema mlikaa pale mpaka injini ikapoa.

Gari liko kibandani. Babu hataki liuzwe na hataki liwashwe. Kuku wa Bibi ametagia kwenye kiti cha nyuma, mayai saba. Bibi anasema sasa angalau hiyo kupe ina faida.

Babu haoni kabisa sasa, hata weupe. Namsomea gazeti. Akitaka kuruka habari mbaya namwambia hapana.

Sijui kama nakuchukia. Siku nyingine nakuchukia asubuhi mpaka jioni. Siku nyingine naota unanibeba mabegani na sikuchukii, nikiamka nakuchukia tena.

Nina swali. Bibi alikwenda mahakamani siku zote. Alirudi siku moja akaingia chumbani na picha ya mama, akaikumbatia, na mpaka leo hasemi walisema nini siku hiyo. Nataka kujua mama alifanya nini breki zilipokatika. Usinifiche na usinipunguzie kwa sababu mimi ni mtoto. Nimeshasoma mabaya zaidi.

Mimi Chiriku

*

28 Novemba

Mwanangu Chiriku,

Barua yako nimeipata. Sikupunguzii.

Ile siku bibi yako aliyorudi na kukumbatia picha, mashahidi walikuwa wawili. Mambo waliyoyasema mimi pia nilikuwa siyajui. Ya mmoja wao yalikuwa ndani ya jalada la polisi tangu siku zile, ukurasa wa nne, na hakuna aliyefika ukurasa wa nne, kwa sababu wa kwanza ulishaandikwa mwendo kasi.

Shahidi mmoja alikuwa mziba mashimo wa barabara. Siku ile walikuwa watu wanane kwenye ile kona, wameinama na majembe, lami inachemka, hawasikii kitu. Alisema aliinua kichwa akaona gari linakuja na mwanamke anapiga honi bila kuachia. Upande wao, wa kushoto, ndio uliokuwa wazi, ndio ulioelekea bondeni lakini una tuta la mchanga waliokuwa wanautumia. Angekata kushoto, mchanga ungelipokea gari, na wao wangekuwa chini yake. Alisema, "Alituona. Tuliangaliana." Mama yako akakata kulia, kwenye mwamba. Yule mtu alilia mahakamani, mtu mzima mwenye ndevu. Alisema alikwenda polisi mara mbili kueleza, akaambiwa dereva wa lori ameshaeleza.

Shahidi wa pili alikuwa mkaguzi wa magari. Alisoma alichoandika mwenyewe miaka mitatu iliyopita: breki ya mkono imevutwa mpaka mwisho wa meno yake. Kisha akasoma gia.

Nikueleze jambo la gia, maana hakuna atakayekueleza kama mimi. Gari likikosa breki mteremkoni, kinachobaki ni injini. Unashusha gia ili injini ilishike gari, kutoka ya nne kwenda ya tatu, kutoka ya tatu kwenda ya pili. Kila unaposhusha gari linapiga kelele kama linachinjwa, na mtu akiogopa huacha. Kutoka ya pili kwenda ya kwanza gari likiwa kwenye mwendo, gia inakataa. Inakusukuma mkono. Unatakiwa kukanyaga mafuta katikati ya gia hizo mbili, wakati kila kitu mwilini kinakuambia usikanyage mafuta, ndipo inaingia. Wapo mafundi niliofanya nao kazi ambao hawawezi. Mimi nilimfundisha mara moja tu, uwanja wa shule, siku ya Jumapili, akiwa na mimba yako. Ilikwaruza, tukacheka sana, akasema, "Hii sitaihitaji kamwe."

Dereva wa lori alisema kweli kwamba alipitwa kama mshale. Lakini lori lilikuwa juu, mwanzo wa mteremko. Ile kona iko chini sana. Kati ya pale na pale mama yako alifanya kazi.

Hakimu alimwomba mkaguzi arudie, gia gani. Akarudia. Nikamsikia bibi yako anavuta pumzi.

Ya kwanza, Chiriku. Gari lilikutwa kwenye gia ya kwanza. Mtu anayekimbia haendi na gia ya kwanza. Mama yako alikuwa anasimama.

Baba yako